Shavu la Kushoto la Naetwe

Hapo zamani, na wala si zamani ile ya sungura kumdanganya fisi, ni zamani ya juzijuzi tu, wakati mabati yamekwisha kufika Vusama na maji ya bomba bado yanaahidiwa, palikuwa na mwanamke mwenye kazi isiyokuwa na jina.

Wengine walimwita daktari, naye si daktari. Wengine walimwita mganga, naye akacheka. Wanawake wanaosafisha tangawizi wakamwita Mtulizaji, na hilo likamkaa. Jina lake hasa lilikuwa Nakundwa. Kazi yake ilikuwa hivi: katika vijiji tisa vya milimani, mtu mwenye ulemavu wa akili akichafukwa hadi anajipiga, anarusha vyungu, anakimbilia korongoni, basi anapigiwa simu Nakundwa, naye anawasha pikipiki yake na kwenda. Hakuwa na sindano. Hakuwa na kamba. Alikuwa na sheria tatu: sauti moja, mikono chini, mlango wazi.

Sauti moja, maana yake anayesema ni mmoja, wengine wote wafunge midomo, hata mchungaji. Mikono chini, maana yake mtu hashikwi. Mlango wazi, maana yake mtu hafungiwi, asije akajiona amenaswa. Sheria hizo alifundishwa kwenye semina yenye mabango ya rangi na watu waliosinzia baada ya chakula. Mabango aliyasahau. Sheria alizishika, kwa sababu zilifanya kazi. Na jambo linalofanya kazi, jamani, ni la kuogopwa kuliko linaloshindwa. Linaloshindwa angalau hukulazimisha uulize.

Pale Vusama alikuwapo Naetwe. Msidhani nasema habari za mtoto. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba, mabega mapana, kicheko cha kusikika hadi ng'ambo ya bonde, na maneno yake yote ukiyahesabu hayafiki kumi na tano. Alikaa na mama yake, wakisafisha tangawizi kwa kijiko, yeye na mama, mama na yeye. Hakuna aliyemshinda kwa kijiko. Watu wa aina ile ya kupenda kusikitika mbele za watu walimwita malaika. Wengine walimwita zezeta. Yeye aliwasafishia wote tangawizi sawasawa.

Kisha, miaka miwili kabla ya siku ninayowaambia, Naetwe alianza kuchafukwa. Anakaa vizuri, anakwangua, mara kijiko kinaruka. Anapiga kelele. Anajipiga shavu kwa ngumi, anajipiga kwa kijiko, anajipigiza ukutani. Nakundwa anaitwa. Anafika, anakaa chini, hatua tatu kutoka kwake, mlango wazi, mikono juu ya magoti, anasema kwa sauti ya chini: "Naetwe, ni mimi. Nipo. Sina haraka." Anasema hivyo saa nzima. Anasema hivyo saa mbili. Mpaka Naetwe anachoka, anakuja kwa magoti, analaza kichwa mapajani mwake, ananyamaza.

Watu wakastaajabu. "Huyu dada ana dawa ulimini," wakasema.

Mara ya pili hivyohivyo. Anakaa chini, hatua tatu, ni mimi, nipo, sina haraka. Kichwa mapajani. Mara ya saba hivyohivyo. Mara ya kumi na tisa hivyohivyo. Nakundwa alikuwa na daftari, na kila mara aliandika: kilichoanza, alichofanya mtu, namna alivyotulia. Aliandika vizuri, kwa mwandiko wa kusomeka, maana alidharau watu wanaoandika ripoti za kufurahisha wakubwa.

Mama Naetwe alimpeleka binti yake zahanati. Tabibu alimtazama kutoka upande wa pili wa meza. "Ndivyo walivyo hawa," akasema, akaandika vidonge vya usingizi. Majirani wakasema, "Ndivyo alivyo." Hata mama mtu, mwishowe, akasema, "Ndivyo alivyo mwanangu."

Basi ikafika Alhamisi moja, siku ya gulio.

Mvua ilikuwa imekata barabara, na Nakundwa alikuwa upande wa pili wa mlima. Simu ilipoita alisikia kelele za watu na sauti moja ikimwambia, "Njoo, safari hii si ile." Akaja. Pale pikipiki iliposhindwa akaisukuma, pale iliposhindikana kuisukuma akaiacha na kukimbia. Alifika baada ya saa nzima, matope hadi kiunoni, akapasua umati uliojaa kwenye banda la kupimia tangawizi.

Mama Naetwe alikuwa ameegemea nguzo, mkono wake wa kulia umening'inia, haukai unapotakiwa kukaa. Binti yake alikuwa amemsukuma, mzee wa miaka sabini, akaangukia mzani. Na Naetwe mwenyewe alikuwa amelazwa juu ya magunia, mikono nyuma, miguu pamoja, kamba ya katani. Kichwa chake kilikuwa kimebanwa katikati ya magoti ya Mbonea mchinjaji, na kidole gumba cha Mbonea kilikuwa ndani ya kinywa chake.

"Mbonea! Mwachie! Mwachie binti wa watu, mnyama wewe!"

Vusama hawakuwahi kusikia sauti ile ikipanda. Waliokuwa wakitafuna waliacha kutafuna.

"Karibu, dada Mtulizaji," Mbonea akajibu bila kuinua macho. "Umechelewa, lakini umefika. Njoo utazame."

"Nitazame nini? Umemfunga kama mbuzi!"

"Mbuzi simfungi hivi. Hili fundo halikazi. Muulize yeyote anayejua kamba."

"Nani amekupa ruhusa?"

"Mwenye ruhusa yule pale, mkono umekatika kama muwa. Ningeomba kwa nani, kwa tangawizi?"

Watu wakacheka, kile kicheko cha watu walioogopa. Nakundwa akaishika kamba aifungue. Mbonea akamwekea mkono juu ya mkono.

"Dada, ngoja. Mimi kazi yangu unaijua. Nikishamlaza mnyama, mkono wenyewe unakwenda mdomoni, kutazama meno. Umri, afya, kila kitu kiko mle. Ni mazoea tu, sikufikiri. Nikamfungua mdomo huyu. Sasa inama. Usitazame kwanza. Nusa."

Alitaka kumpiga. Badala yake akainama.

Harufu ilimfikia kabla ya macho. Ilikuwa harufu ya kitu kilichokufa muda mrefu mahali pasipo hewa. Kisha akaona: fizi imevimba, imekuwa zambarau iliyoiva hadi kupasuka, jino la nyuma limegawanyika vipande viwili, jeusi, na pale kidole cha Mbonea kilipobonyeza, usaha ukatoka na damu, ukatoka, haukomi. Lilikuwa shavu la kushoto.

Nakundwa alikaa chini kwenye matope. Hakukaa hatua tatu. Hakusema ni mimi. Hakusema nipo. Alifumbua mdomo, na sauti yake, ile moja, haikuwapo.

Walimteremsha Naetwe bondeni kwa gari la tangawizi, kwenye kituo chenye tabibu wa meno. Tabibu huyo alikuwa mwanamke mfupi, mikono midogo, mdomo usio na subira. Alitazama kwa tochi mara moja tu.

"Hili lina miaka. Usaha umeanza kushuka shingoni. Mngekaa siku mbili tatu zaidi, msingeniletea mgonjwa, mngemtafutia sanda." Akawageukia wote watatu, mama, mchinjaji na mtulizaji. "Nyinyi mlikuwa wapi?"

Swali hilo lingejibiwaje? Walikuwapo.

Sasa jino lazima ling'oke, na Naetwe hafungui mdomo. Aliona sindano akabana meno, akajikunja kwenye kona, akaanza kujipiga. Mbonea akaitoa kamba mfukoni.

"Nimlaze?"

"Toka," akasema Nakundwa. "Toka nje, kaka yangu, na mlango uuache wazi."

Akakaa chini, hatua tatu. Tabibu akaambiwa anyamaze, akanyamaza, jambo ambalo wauguzi wake walilisimulia mwezi mzima. "Naetwe, ni mimi. Nipo. Sina haraka." Dakika arobaini. Na Naetwe akapanda kitini mwenyewe, kwa miguu yake, akafungua mdomo mwenyewe, akiwa ameshikilia upande wa gauni la Nakundwa. Ganzi ikaingia. Jino likatoka na mizizi yake yote, na tabibu akaliinua kwenye mwanga kama mtu aliyekamata mwizi.

Naetwe alilala pale kituoni siku mbili. Alipoamka alitaka kula.

Nakundwa alibaki kwenye benchi la nje. Alifungua daftari aandike tukio la ishirini, na kwa kuwa mkono ulikataa kuandika, akarudi nyuma kusoma. Tukio la kwanza: "Anajipiga shavu la kushoto kwa ngumi, mara nyingi, anatoa machozi." Tukio la pili: "Anajipiga shavu la kushoto." Tukio la tano: "Anajipiga shavu la kushoto." Kufikia la kumi alikuwa amechoka kuandika kwa kirefu, ameweka herufi mbili tu: SK. La kumi na moja, SK. La kumi na mbili, SK. Na mwisho wa kila ukurasa, kwa mwandiko wake mzuri wa kusomeka: "Alitulia."

Mara kumi na tisa. Alikuwa ameambiwa mara kumi na tisa, akaandika mara kumi na tisa. Alilifunga daftari, akalifungua tena, kama mtu anayetumaini kwamba maneno yatakuwa yamebadilika.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Habari za mama kuvunjwa mkono zilikuwa zimefika wilayani, na habari za kamba pia. Baada ya wiki tatu akaja Afisa Ustawi, kijana nadhifu mwenye karatasi, akakalisha watu kwenye banda lilelile la tangawizi.

"Mama mkono wake umo kwenye plasta, na umri umekwenda," akasema. "Peke yake hawezi tena. Ninahitaji jina moja. Mtu ambaye binti huyu akichafukwa ndiye anayeitwa kwanza, na neno lake ndilo linalofuatwa: ashikwe, asishikwe, apelekwe wapi. Jina moja tu, karatasi ina mstari mmoja. Mkishindwa kukubaliana leo, binti anaondoka na mimi kwenda kule mjini."

Kule mjini kila mtu alikujua. Ilikuwa nyumba yenye milango ya chuma. Kutoka Vusama walikwisha kwenda wawili, na hakuna aliyerudi hata kusalimia.

Mbonea akasimama wa kwanza.

"Bwana Afisa, mimi nilimfunga. Sikatai, wala sitafuti maneno laini ya kulifunika. Nilimfunga kwa sababu alikuwa anamuua mama yake na kujiua mwenyewe, na aliyepaswa kuwapo hakuwapo. Lakini wenye sheria zao nzuri walikaa naye miaka miwili, hawakuona. Mimi kwa robo saa nimeona. Leo yu hai kwa nani? Andika Mbonea."

"Aandikwe kwenye daftari la machinjio!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Cheka wewe," Mbonea akasema. "Meno yako mwenyewe nayaona kutoka hapa, yanahitaji kamba."

Mama Naetwe akasimama wa pili, mkono wake umefungwa kifuani.

"Wanangu, nitasema nikiwa nimesimama. Mtoto huyu alipoacha kutafuna makande, nilimpondea. Nilidhani anarudi utoto. Nilichemsha, nikaponda, nikachuja maganda, mwaka mzima na nusu, asubuhi na jioni, kwa mkono huuhuu. Kila siku nilikuwa namlainishia njia ili asiseme. Ndiyo, nilikosa. Lakini kabla ya kosa hilo kuna miaka ishirini na mitano, na hakuna kati yenu aliyekuwapo hata usiku mmoja. Mfupa unaunga. Andikeni mama yake."

Wanawake wakapiga vigelegele, kisha wakajutia, maana haikuwa harusi.

Nakundwa hakutaka kusimama. Aliwachukia watu wanaoungama hadharani ili wasifiwe kwa unyenyekevu. Alikuwa amekusudia kusema maneno mawili na kukaa. Lakini Naetwe, aliyekuwa amekaa chini karibu na mlango akichora mavumbi kwa kijiko, alipomwona alinyanyuka, akaja, akakaa miguuni pake na kumlazia kichwa. Vilevile. Kama mara zote kumi na tisa.

"Shikamooni wazee. Nilimtuliza mpaka akanyamaza," akasema. "Sikujua kwamba namfundisha kuumwa kimya. Hilo ni langu, nalibeba, sihitaji mtu anipunguzie. Lakini nisikilizeni na hili. Kwa tabibu, kamba isingefungua mdomo ule. Mngevunja taya. Na si kila siku itakuwa jino. Siku moja itakuwa hofu tupu: radi, msiba, nyumba mpya. Siku hiyo Mbonea atamfunga, atamfungua mdomo, ataona meno mazima. Halafu?"

"Na siku atakapoumwa utumbo?" Mbonea akamrukia. "Utakaa hatua tatu? Utamwambia huna haraka?"

"Sasa nimejua kutazama."

"Na mimi sasa nimejua kungoja. Kwani aliyejifunza ni wewe peke yako?"

Hapo banda likachemka. Huyu Mtulizaji, yule Mbonea, wale mama ni mama. Afisa akagonga mzani kwa kalamu. Sauti kumi, mikono juu, na mlango umezibwa na watu.

Ndipo shangazi mmoja mzee, aliyekuwa akikwangua tangawizi yake pembeni muda wote bila kuinua uso, akasema, wala hakusema kwa nguvu:

"Nanyi mmekaa saa nzima juu ya kichwa chake. Mwenyewe mmemuuliza?"

Afisa akatazama karatasi yake kana kwamba swali hilo lingekuwa limeandikwa mahali. Mama akafunika mdomo kwa mkono mzima. Nakundwa, aliyekuwa amekwisha kushtuka mwezi ule hadi akadhani hakuna tena cha kumshtua, alishtuka tena: hata yeye hakumuuliza. Hata baada ya jino, hata yeye.

Akainama. "Naetwe. Ukiumia, aje nani?"

Naetwe akamtazama. Akatabasamu, upande wa kushoto ukiwa na pengo. Akaushika uso wa Nakundwa kwa mikono miwili, akaweka shavu juu ya shavu, akakaa hivyo kwa muda. Watu wakaanza kuguna kwa kuridhika. Afisa akashusha kalamu kwenye mstari.

Lakini Naetwe hakuwa amemaliza. Akasimama. Akapita mbele ya mama yake, akamgusa plasta kwa kidole kimoja, polepole, akaendelea. Wakaona sasa kwamba anachechemea. Mguu wa kulia haukanyagi. Akaenda moja kwa moja kwa Mbonea. Na kadiri alivyomkaribia, ndivyo alivyotetemeka, mabega yale mapana yakawa kama ya kuku aliyenyeshewa. Alimwogopa. Kila aliyekuwapo aliona jinsi alivyomwogopa. Mbele yake akasimama, mikono akaificha nyuma ya mgongo, akafumba macho, akainua mguu.

"Tazama," akasema.

Mbonea akatazama. Kwenye unyayo ulikuwamo mwiba wa siku nyingi, umezama, ngozi imeufunika. Akapiga goti. Akautoa kwa ncha ya kisu, taratibu, asimwangalie usoni. Naetwe hakulia. Mwiba ulipotoka, alikimbia akijigonga kwa watu, mpaka nyuma ya Nakundwa, akajificha hapo, akiwa ameshikilia gauni lake kwa mikono yote miwili.

Mbonea mchinjaji alibaki amepiga goti, mwiba mkononi, naye ndiye aliyelia.

Kalamu ya Afisa bado imesimama juu ya karatasi. Mstari ni mmoja, gari la wilayani limekwisha kuwashwa, na watu wote wa Vusama wameniachia mimi, nami nawaachia nyinyi. Yuko aliyemzaa na kumpondea makande. Yuko anayemkimbilia akiogopa. Yuko anayemwogopa, na ndiye anayemwonyesha panapouma. Haya, wenye midomo: nani aandikwe?